Mandhari Hukaa Ukingoni: Majibu kwa Wasomaji Wanaotaka Kutembea Porini na Hema Mgongoni

Toleo hili tumelitenga kwa barua nne zenye kiini kimoja: wapi mtu aende akitaka kutembea kwa siku kadhaa katika nchi nzuri ya milima, akiwa amebeba malazi na chakula chake mwenyewe. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu jibu lake linazigusa zote.

SWALI: Mhariri, salaam. Sisi ni marafiki watano, na tumepata likizo ya siku sita kuanzia mwishoni mwa Juni. Tunataka kutembea kwa miguu tukibeba mahema yetu, jambo ambalo hakuna miongoni mwetu aliyewahi kulifanya kwa zaidi ya usiku mmoja. Mwenzetu mmoja anang'ang'ania Udzungwa, mwingine Kitulo, na watatu tuliobaki hatuna la kusema kwa sababu picha za kote tulizoonyeshwa ni nzuri. Mtu huchaguaje? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Picha ndizo zinazowachanganya, kwa kuwa picha haina tarehe wala haina mzigo. Miaka kadhaa iliyopita nilitembea kutwa nzima na shanta ya kilo 17 kwenda kuyaona maporomoko niliyoyapenda pichani. Nilifika Septemba, nikakuta jabali kavu lenye michirizi myeusi mahali maji yalipokuwa yakipita. Mpiga picha alikuwa amefika Aprili, na tena alifika kwa gari. Tangu siku hiyo naanza na ramani, picha nazitazama mwisho.

Katika ramani kitu cha kwanza ninachokitafuta ni ukingo. Mandhari yenye kumsimamisha mtu haipatikani sana katikati ya msitu wala katikati ya uwanda, bali pale nchi inapobadilika ghafla: mlima unapokatika na kuwa mbuga, msitu wenye unyevu unapokutana na nyika kavu, au ardhi inapodidimia na kuacha ziwa chini. Chukueni karatasi ya ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, ambayo sentimita moja yake ni nusu kilomita ardhini, kisha mwitazame mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Ikiwa imesongamana upande mmoja kwa masafa marefu, na upande wa pili imeachana, hapo pana ukingo ambao mtu anaweza kuufuata kutwa bila kupanda na kushuka kila saa, huku bonde likiwa wazi ubavuni mwake. Asiyeipata karatasi hiyo atatumia picha za setilaiti na kuangalia mahali ambapo kijani kinakatika ghafla na kuwa kahawia.

Kwa kipimo hicho, Udzungwa inawapa kitu tofauti na mnachokitaka. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1992, inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi zaidi ya mita 2,500, na ndani yake wamo wanyama wasioonekana kwingine popote duniani, akiwemo mbega mwekundu wa Iringa. Ni msitu wa kumtoa mtu machozi kama anapenda miti na ndege. Hata hivyo mwenye shanta mgongoni atatumia saa nyingi akiona vigogo, mizizi na visigino vya aliye mbele yake, na anga ataliona kwa vipande. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa takribani mita 170, ni matembezi ya siku moja tu. Safari ya kupanda kilele cha Mwanihana ni ya siku mbili au tatu na hufanywa pamoja na askari mwenye silaha, kwa sababu tembo na nyati wamo mle. Kwa watu ambao bado hawajajua bega lipi litaanza kuwauma, huo ni mtihani wa mwaka ujao. Kitulo nitaieleza katika barua inayofuata. Itoshe kusema hapa kwamba mwisho wa Juni maua yamekwisha na baridi ndiyo imeingia.

Ningekuwa mimi, ningekwenda Usambara ya Magharibi na kutembea kutoka Lushoto hadi Mtae. Mabasi ya Moshi na Arusha yatawashusha Mombo, na kutoka hapo barabara ya lami inapanda kwa kona nyingi kupitia Soni mpaka Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Siku ya kwanza mnaingia msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali kinalipiwa, na mwongozaji wa pale anajua mbega weusi kwa weupe wanashinda miti ipi. Baada ya msitu mnatokea kwenye mashamba ya kabichi, viazi na miti ya matunda damu ya upande wa Lukozi, mnapita Rangwi, ambako masista wa Kanisa Katoliki wamezoea kuwapokea wapita njia, kisha mnakaza kuelekea kaskazini hadi nchi inapoisha.

Nasema nchi inapoisha kwa sababu ndivyo inavyoonekana mtu akiwa Mtae. Kijiji kimekaa juu ya ukingo, na chini yake, zaidi ya mita elfu moja kwenda chini, imetandazwa nyika ya Mkomazi hadi mpakani mwa Kenya. Milima inazuia upepo wa mvua unaotoka baharini, hivyo upande mmoja wa kijiji ni mboga mbichi na ukungu, na upande wa pili ni vumbi na miiba. Alfajiri, hewa ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana kwa mbali upande wa kaskazini-magharibi. Mjipe usiku mbili hapo au Mambo, kijiji jirani, kwa kuwa Juni na Julai ukungu una tabia ya kukaa hadi saa nne au saa tano asubuhi, na anayefika jioni na kuondoka alfajiri anaweza kwenda zake bila kuona chochote.

Lakini kuna neno moja ambalo ni lazima niliseme wazi. Anayetaka pori tupu, lisilo na sauti ya jogoo, asiende Usambara. Kule watu wamejaa, watoto watawasindikiza, na usiku mtasikia redio. Mimi naliona hilo kuwa jambo jema kwa safari ya kwanza, kwa maana mguu ukiteguka kuna pikipiki, na chakula kikipungua kuna mgahawa wa chai na maandazi. Mahema msiyachomeke popote mnapopenda: pitieni kwanza ofisi ya kijiji au kwa mwenyekiti, mjitambulishe, na mara nyingi mtaonyeshwa uwanja wa shule au kiwanja cha kanisa.

Maji ya huko yana hila yake, nayo haionekani kwenye ramani. Kijito kilichopita mashambani hubeba mabaki ya dawa za kunyunyizia mboga, na kuchemsha kunaua vijidudu tu, dawa inabaki palepale. Kwa hiyo chupa zijazwe ndani ya msitu, kabla maji hayajafika shambani, au kwenye bomba la kijiji, na hata hayo yachemshwe au yatiwe dawa ya kusafishia.

Kuhusu urefu wa safari ya kila siku, kuna kanuni ya zamani iliyotungwa mwaka 1892 na William Naismith, mpanda milima wa Scotland, isemayo kwamba mtu ahesabu saa moja kwa kila kilomita tano na kuongeza saa moja kwa kila mita 600 anazopanda. Naismith hakuwa amebeba sufuria na unga. Kwa watu wenye mizigo na wasio na mazoezi mimi hukata zaidi: kilomita tatu kwa saa, na saa moja ya ziada kwa kila mita 400 za kupanda. Siku ya kilomita 15 yenye kupanda mita 800 inakuwa ya saa saba, mbali na kupumzika na kupiga gumzo na wenyeji. Mkiondoka saa moja asubuhi mtafika saa tisa au saa kumi, mkiwa bado na mwanga wa kusimamisha hema, kwa kuwa huku kwetu giza linaingia mara moja bila kubisha hodi. Mzigo wa kila mmoja usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake, maji yakiwemo, na lita moja ya maji ni kilo moja kamili.

SWALI: Mimi na mke wangu tumesikia habari za maua ya Kitulo tangu tukiwa shuleni. Tungependa kulala kwenye hema na, ikiwezekana, kushuka kwa miguu mpaka Ziwa Nyasa. Je, twende mwezi gani, na je, inawezekana kwa watu wa miaka hamsini na kitu? (Msomaji wa Iringa)

JIBU: Inawezekana, ingawa magoti yenu yatataka kushirikishwa katika uamuzi.

Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na sifa yake kubwa ni mimea: zaidi ya aina 40 za okidi, pamoja na maua mengine mengi yanayofunika uwanda wa majani ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Hifadhi ilihitajika sana, kwani mizizi ya okidi ilikuwa ikichimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupondwa na kupikwa chakula kiitwacho chikanda.

Ugumu wa kuchagua mwezi ni kwamba maua na mvua ni mtu na ndugu yake. Yanaanza kuchanua mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ya mvua katika nyanda za juu kusini. Anayekwenda Juni hadi Agosti anapata anga safi, njia kavu na milima inayoonekana hadi mbali, lakini anakuta majani makavu, na usiku jalidi inaweza kugandisha maji ndani ya chupa. Ushauri wangu ni Desemba au mwanzoni mwa Januari, wakati maua yameshaamka na njia bado hazijawa tope la kufika vifundoni. Chukueni hema lenye paa la pili la kuzuia mvua, na nguo moja ya sufu ambayo haitoki ndani ya mfuko wa nailoni mpaka wakati wa kulala.

Njia niipendayo ya kufika ni kutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, kupanda hadi Matamba kwa barabara ya kona 57 ambayo imepewa jina hilohilo, Hamsini na Saba. Kila kona inawatoa kidogo katika joto la bonde la Usangu na kuwaingiza katika baridi ya juu. Uwanda wenyewe ni mwepesi kwa mtembeaji: mawimbi ya nyasi, vijito safi, na hakuna simba wala tembo wa kumfanya mtu ageuke nyuma kila dakika. Hii ni moja ya hifadhi chache za taifa Tanzania ambazo mtu anaweza kuzifaidi kwa miguu kuliko kwa gari. Ofisi ya hifadhi iliyoko Matamba ndiyo itakayowapa kibali na mtu wa kuwaongoza.

Sasa magoti. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka uwandani hadi majini mnashuka zaidi ya mita 2,000 kupitia milima ya Livingstone, ambayo upande wa ziwa imesimama kama ukuta. Nimesema juu kwamba mandhari hukaa ukingoni, na sijui mfano ulio bora kuliko huu: asubuhi mko kwenye baridi ya Wakinga mkivuta blanketi, na baadaye mnaliona ziwa lote la bluu likiwa chini ya viatu vyenu. Watu wenye miguu ya mlimani hushuka kwa siku moja. Ninyi igawanyeni mara mbili, kateni fimbo mbili kila mmoja, na mzigo mzito mpeni kijana wa kijijini kwa malipo mtakayokubaliana kabla ya kuondoka, si baada ya kufika. Mkipanga kufika Matema Ijumaa mtaamkia soko la vyungu vya Wakisi la Lyulilo, ambalo hufanyika Jumamosi.

SWALI: Nakaa Arusha na ninatembea karibu kila mwisho wa wiki, hasa chini ya Mlima Meru. Sasa nataka safari kavu na kali zaidi: kutoka Ngorongoro hadi Ziwa Natron. Kuna rafiki anayesema tunaweza kwenda wawili peke yetu, kimyakimya. Wewe unaonaje? (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Rafiki yako mwache nyumbani, au mwende naye kwa utaratibu. Ndani ya eneo la Ngorongoro hairuhusiwi kutembea bila askari mwenye silaha, na sababu yake ni nyati kuliko kitu kingine chochote: simba husikika na mara nyingi hukwepa, ilhali nyati mzee aliyejitenga na kundi hukaa kimya kichakani mpaka mmekaribiana naye.

Njia hiyo inapita kingo tatu mfululizo, na ndiyo maana nasema haina mfano katika Afrika Mashariki. Kuna Olmoti karibu na Nainokanoka, kreta pana isiyo na kina kirefu ambako mto Munge unaanzia. Kuna Empakaai, shimo kubwa lililojaa msitu kwenye kuta zake na ziwa la magadi chini, ambalo kwa mbali heroe huonekana kama mtu amemwaga unga wa waridi. Kisha unavuka nchi ya malisho ya Wamaasai na kushuka ukuta wa Bonde la Ufa, ukiwa na Ol Doinyo Lengai mbele yako, mita 2,962, mlima wa Mungu kwa Kimaasai, na mlima pekee duniani unaotoa siku hizi lava ya aina yake. Lava hiyo ni nyembamba kama mafuta, haina joto kali kama lava ya kawaida, hutoka ikiwa nyeusi na kugeuka nyeupe ikipata unyevu, jambo linalowafanya wageni wengi wadhani kilele kina theluji.

Tatizo la safari hii ni maji. Juu, kwenye nyanda za mita elfu mbili na zaidi, utapata ya kutosha ukiuliza bomani, lakini ukishuka hadi Natron, kwenye mita 600 hivi, joto linapanda kwa kasi na maji ya ziwa ni magadi yasiyofaa hata kuoshea sufuria. Hapa majina ya mahali yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Neno engare kwa Kimaasai ni maji, kama lilivyo katika Nairobi, lililotokana na maneno yenye maana ya maji baridi. Kwa hiyo Engare Sero, kijiji unachomalizia, kinakuambia tangu kwenye ramani kwamba kuna mto. Na upo, unatoka katika mpasuko wa jabali wenye maporomoko ambako utavua viatu na kukaa majini mpaka ngozi ikunjane. Kati ya ukingo na mto huo beba lita tano kwa kila mtu, au kodi punda pamoja na mwenyewe. Mimi nashauri punda. Halafu Lengai ukitaka kuipanda, anza saa sita usiku ili jua lisikukute kwenye mteremko ule usio na hata mti mmoja, na kabla ya hapo waulize wenyeji mlima umekuwaje wiki hiyo. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007, na haujalala.

SWALI: Nilifika Point Lenana mwaka jana kwa njia ya Sirimon, nikarudi kwa njia hiyohiyo. Nataka kurudi Mlima Kenya, lakini safari hii nataka kuona, si kufika tu. Nipite wapi? (Msomaji wa Nakuru)

JIBU: Panda tena kwa Sirimon, ambayo inakupa mwinuko taratibu na hali kavu zaidi, kisha kutoka Lenana shuka upande wa mashariki kwa Chogoria. Kwa njia hiyo, mwili wako utakuwa umeshazoea hewa nyembamba utakapofika mahali penye thamani ya kukaa.

Mahali penyewe ni bonde la Gorges, lililochongwa na barafu ya kale. Njia inafuata ukingo wake wa kaskazini, na katika sehemu moja, juu ya genge liitwalo Temple, unachungulia Ziwa Michaelson likiwa mamia ya mita chini yako, kijani kilichokolea, limezungukwa na lobelia na zile senesio ndefu zinazosimama kama watu waliovaa makoti. Wapandaji wengi huliona ziwa hilo kwa dakika kumi huku wakikimbilia geti. Wewe beba chakula cha siku moja zaidi, ushuke hadi ufukweni mwake na ulale huko. Ni kwenye mita 4,000 hivi, chini ya kambi ya Shipton uliyolala ukipanda, kwa hiyo kichwa hakitakusumbua. Baridi itakusumbua. Njiani kuelekea geti pinda kidogo uone maporomoko ya Nithi.

Upande huo wa Chogoria hupata mvua zaidi kuliko wa Sirimon, basi chagua Januari au Februari, na panga usafiri mapema, kwa kuwa kutoka geti la Chogoria hadi mjini ni masafa marefu ya barabara ya udongo katikati ya msitu wenye tembo, na ikinyesha hata Land Rover hukwama.